Bati la Lois

"Usinishike mkono! Nimesema usinishike. Mimi si gunia la mpunga."

"Sijakushika, Mama. Nimeshika kitanda."

"Basi kiachilie kitanda changu."

Lois akakiachilia. Ilikuwa mara ya tatu asubuhi ile yeye na mama mkwe wake kuvutania kitanda kimoja cha kamba, na mara zote tatu yule mzee alishinda kwa mbinu ileile: alikikalia. Mama Enos alikuwa na miaka sabini na kitu na uzito wa debe mbili za mahindi, lakini akiamua kukaa, amekaa. Mbele ya mlango wake mikokoteni mitatu ya punda ilikuwa ikisubiri, mitupu. Kwenye mlingoti wa kanisa leso nyekundu ilikuwa ikipepea tangu jana yake saa nne.

"Mama Enos," akaingilia Jumwa, katibu wa kikundi cha akina mama, Mgiriama mwenye sauti ya kufukuzia nyani shambani. "Leso nyekundu maana yake ni nini? Sema tu. Ulikuwepo siku tulipoipitisha, na mkono uliinua."

"Niliinua mkono nikafukuza nzi."

"Maana yake tunatoka! Nyeupe tunafunga mizigo, nyekundu tunatoka. Maji yalifika rangi nyekundu kwenye nguzo ya Kinakomba juzi. Kutoka Kinakomba mpaka hapa ni siku tatu, nne tukibahatika."

"Mimi nimeona mafuriko tangu babako hajahamia huku. Usinifundishe mto."

Kadra, mwenye punda, alikuwa ameegemea gurudumu huku akitafuna kijiti. Alikuwa Muorma wa upande wa malisho, na Kiswahili chake kilikwenda moja kwa moja bila kupinda popote. "Mama yangu," akasema, "punda yangu imesimama hapa tangu jua kutoka. Imesikia maneno yote. Sasa hata punda inataka kujua: unaenda ama huendi?"

Wajukuu wakacheka. Mama Enos hakucheka. Aliinua kidevu chake akakielekeza upande wa mto, kule mwisho wa kijiji, ambako paa moja la mabati lilikuwa likimeta peke yake ukingoni, nje ya safu ya nyumba nyingine.

"Mnanipigia kelele za nini? Tazameni kule. Bati la Lois liko juu. Siku nikiliona liko chini, kitanda hiki nitakibeba mwenyewe kichwani, na sitaki msaada wa mtu."

Kadra akatema kijiti chake, akatazama pembeni. Jumwa akamtazama Lois, na Lois akatazama leso kwenye mlingoti kana kwamba hajawahi kuiona.

"Nitarudi," akasema, akaondoka.

Jumwa akamfuata. Walipita nyumba mbili, tatu, na katika kila nyumba hali ilikuwa ileile. Mizigo ilikuwa imefungwa, kuku wako ndani ya matenga, masufuria yamefungwa ndani ya shuka, na wenyewe wamekaa mlangoni kama watu wanaongojea basi. Kazi ya miaka mitatu ilikuwa imefanyika sawasawa. Kila nyumba ilikuwa na namba yake. Wazee, wajawazito na wagonjwa walikuwa wameandikwa ukurasa wa kwanza wa daftari la Jumwa. Mbegu ya mpunga ilikuwa tayari ndani ya mapipa kule Mchangani, ule mwinuko wa mchanga ulio mwendo wa saa moja, karibu na barabara ya Garsen. Lois na akina Kadra walikaa vikao vinne, chai ikanyweka, maneno makali yakasemwa na kurudishwa, mpaka wakapatana kwamba wakati wa maji wakulima watapiga mahema Mchangani na ng'ombe watapita upande wa nyuma, wala hakuna atakayemuuliza mwenzake amefuata nini. Hilo ndilo lililokuwa gumu. Kubeba kitanda lilikuwa jambo dogo.

"Nyumba ishirini na sita," akasema Jumwa. "Zimeondoka tatu. Unadhani hizi nyingine zinangoja nini?"

"Ukaidi tu."

"Mama Valary, usinifanye mjinga. Umesikia alichosema mkweo. Yeye amekitoa mdomoni, wengine wanakuficha kwa heshima. Mwaka wa korona maji yalipokuja ulibeba nini?"

"Godoro na masufuria."

"Mabati ukayaacha juu. Na maji yakafika kizingitini kwako yakageuka. Unakumbuka?"

Lois alikumbuka. Katika vijiji vya mto, mtu akihama kweli huvua mabati. Udongo utakandikwa upya, miti itakatwa upya, lakini bati hununuliwa Garsen, na mwenye akili hamwachii mto bati lake. Mwaka ule kila mwenye bati alilivua isipokuwa yeye. Alifunga mlango kwa kamba akaondoka, na wiki mbili baadaye akarudi akaikuta nyumba imesimama, na matope mpaka kizingitini, hata ndani hayakuingia. Watu waliovua mapaa yao walimtazama kwa muda mrefu siku ile.

"Tangu hapo," akasema Jumwa, "wanasema Lois anaujua mto. Anaongea na watu wa juu kwa simu. Nyumba yake ndiyo ya kwanza ukingoni. Kama maji ni ya kweli, yeye atakuwa wa kwanza kuvua bati. Leso ni kitambaa tu. Wanaangalia bati."

"Ile ilikuwa bahati, Jumwa. Haikuwa akili."

"Waambie wao."

"Nimewaambia! Na mimi natoka wa mwisho. Ndiyo kanuni. Kiongozi anatoka watu wakishatoka."

"Nani alitunga hiyo kanuni?"

"Kikundi."

"Ulitunga wewe. Mimi niliandika." Jumwa akasimama katikati ya njia. "Na nilipokuwa nikiandika nilijua ni ya nini, nikanyamaza kwa sababu wewe ni rafiki yangu. Leo sinyamazi. Hukai pale kwa ajili ya uongozi, Lois. Unamngoja Enos."

"Jumwa."

"Ndiyo, nimelitaja jina. Tumekaa miaka mitano tukilizunguka kama shimo la choo. Nenda ukakasirikie nyumbani kwako. Mimi narudi kumpigia mkweo kelele."

Lois hakuwa mtu wa kulia. Alikuwa mtu wa kufagia. Alipofika kwake alichukua ufagio wa makuti akaanza kufagia uwanja uliokuwa umefagiwa alfajiri, kutoka mlangoni kuelekea ukingoni. Enos alipoijenga nyumba ile, kutoka mlangoni hadi kwenye maji zilikuwa hatua thelathini na mbili. Sasa zilikuwa kumi na moja. Kila msimu mto ulikuwa ukila kidogo, kama mtu anayemega mkate bila kutaka aonekane.

Enos aliondoka mwaka wa elfu mbili na kumi na nane, baada ya maji kuchukua mpunga wote na migomba yote. Alisema anakwenda Kinakomba, kwenye mashamba ya pampu, msimu mmoja tu. Alisimama pale ukingoni na begi lake na redio yake ndogo, akasema, "Nyumba usiiguse. Nikirudi nataka kuliona bati kuanzia pale mto unapokunja, nijue nimefika." Halafu akapanda boti. Zamani, kila aliporudi kutoka safari, alikuwa na tabia ya kupiga mluzi kabla boti halijamaliza ile kona, mluzi mfupi wenye kupanda mwishoni kama swali, na Lois alikuwa akisikia mluzi ule akiwa jikoni anamimina maji chunguni, kwa hiyo Enos alipofika mlangoni maji yalikuwa yakichemka. Hivyo ndivyo walivyoishi. Hawakuwa watu wa maneno mengi.

Msimu mmoja ukawa miwili. Simu zikapungua, zikaisha. Kisha watu wa boti wakaleta habari kwamba kule Kinakomba kuna mwanamke, jina lake Metrine, na kwamba Enos amemsaidia kuezeka.

Lois alilipokea neno hilo akiwa anapepeta mchele, akaendelea kupepeta. Hakwenda kwa mchungaji, hakwenda kwa wazee. Alimwambia binti yake Valary, aliyekuwa darasa la tano wakati ule na sasa yuko shule ya bweni, kwamba baba ana kazi nyingi. Lakini kulikuwa na jambo moja alilolifanya kila mto uliposhuka, na hakuna aliyemuuliza sababu yake. Alichukua jembe akachonga ngazi upya kwenye udongo wa ukingo, vidato saba au vinane, vipana vya kutosha mguu wa mtu mzima anayeshuka kwenye boti na begi begani. Yeye mwenyewe alikuwa akiteka maji kwenye kisima cha kanisa. Ngazi zile hazikuwa na kazi nyingine.

Na usiku, alipojilaza, alilala upande wa ukuta, nafasi ya mtu mmoja ikabaki. Alijiambia ni mazoea.

Lois alikutana na Metrine mara moja tu, katika semina ya Garsen iliyowakusanya akina mama wa juu ya mto na wa chini ili wapeane habari za maji. Kila mmoja alisimama akataja jina lake na kijiji chake. Mwanamke mfupi mwenye pengo la jino akasema, "Metrine, Kinakomba," na ukumbi wote ulipopiga makofi Lois naye akapiga. Baadaye waligawanywa wawili wawili, msomaji wa maji wa juu na mpokeaji wa habari wa chini, na katika benchi lililobaki walikuwa wamebaki wao. Hawakusalimiana kwa muda. Kisha Metrine akasema, "Kwetu kuna nguzo pale mitumbwi inapofungwa. Naweza kuipaka rangi za kusomea maji." Lois akamtajia namba yake tarakimu moja moja, na akaona jinsi yule mwanamke alivyoiandika kwa uangalifu, ulimi ukitokeza kwenye pengo. Alitaka kumchukia pale pale, amalize. Ilikuwa ngumu kuliko alivyodhania.

Tangu siku hiyo walikuwa wakizungumza kila msimu. Maji yamefika nyeupe. Yamefika manjano. Yameshuka. Mara moja tu, mwezi wa nane, Metrine aliuliza kitu ambacho si maji: kama nyumba ya Lois ya ukingoni bado imesimama. Lois alisema imesimama, na usiku kucha akajiuliza swali lile lilikuwa la nani.

Simu ikalia akiwa bado ameshika ufagio.

"Lois."

"Metrine."

"Sioni rangi tena."

"Rangi gani?"

"Hakuna rangi. Hakuna nguzo. Alfajiri niliona ncha yake, saa hii sioni kitu. Migomba ya kanisa imelala yote. Mimi sijawahi kuona hivi. Ile ya kumi na nane ilikuwa mchezo."

Nyuma ya sauti yake mvua ilikuwa ikipiga bati, na watu walikuwa wakiitana.

"Kwa hiyo siku tatu kutoka leo," akasema Lois.

"Usihesabu hivyo. Yale ya juzi yako njiani, yatakufikia usiku wa leo au kesho alfajiri. Haya ya leo yanakuja nyuma yakiyasukuma. Toa watu, Lois. Usingoje kesho."

"Nimesikia. Asante."

Hapo ndipo huwa wanakata. Lakini hakuna aliyekata. Lois akasikia pumzi ya mwenzake, ikiingia na kutoka.

"Kuna lingine," akasema Metrine. "Enos ameondoka."

Lois akauegemeza ufagio ukutani.

"Jana asubuhi. Na begi lake na redio. Hatukugombana. Alikaa siku mbili akiutazama mto, halafu akasema anakwenda nyumbani. Nikamwambia nyumbani ni hapa. Akasema hapana, nyumbani."

"Barabara ya Hola imekatika."

"Anajua. Alisema atapata boti, akikosa atatembea. Aliniuliza kitu kimoja kabla hajatoka. Ile nyumba ya ukingoni bado iko? Nikamwambia iko. Si wewe uliniambia iko?"

"Ndiyo."

"Basi."

"Kwa nini unaniambia, Metrine?"

Mvua ikapiga bati kule juu. "Kwa sababu ningekuwa wewe ningetaka kuambiwa," akasema yule mwanamke. "Akifika, niambie amefika. Hilo tu. Mengine usiniambie."

Simu ikakatika.

Lois akabaki amesimama. Alitazama kule mto unapokunja, na kwa mara ya kwanza kwa miaka mingi hakujikataza kutazama. Alimwona mwanamume kwenye boti, begi magotini, amenyoosha shingo. Mvi kidogo labda. Amekonda labda, au amenenepa kwa mapishi ya mwenzake. Anatafuta paa moja linalometa, na akiliona anakunja midomo. Lois akajikuta ameshafika jikoni, sufuria mkononi, anatafuta kiberiti.

Akaiweka sufuria chini.

Siku moja tu, akawaza. Kama aliondoka jana asubuhi, akapata boti mchana, kesho anaweza kuwa hapa. Kesho adhuhuri, tuseme. Nyumba ikae mpaka kesho adhuhuri. Watu watoke leo, mimi nikae, nina mtumbwi, najua kuogelea, nimezaliwa hapa. Kuna ubaya gani? Miaka mitano nimeishi bila kumwomba Mungu wala mtu kitu chochote. Naomba siku moja.

Lilikuwa wazo zuri, na alilipenda. Alichukua jembe lililoegemea ukuta, kwa sababu mtu akija lazima apate pa kukanyaga, akashuka ukingoni kuziweka sawa ngazi.

Vidato vitatu vya chini havikuwepo. Maji yalikuwa yamepanda tangu alfajiri, mazito, rangi ya chai ya maziwa, na juu yake povu lilikuwa likipita haraka haraka pamoja na magugu na mgomba mzima na mizizi yake. Kisha ukapita mlango. Mlango wa mbao uliopakwa rangi ya kijani, na komeo lake bado liko, umelala chali ukizunguka polepole. Mahali fulani juu ya mto kulikuwa na nyumba iliyokuwa na mlango ule. Lois akautazama mpaka ukapotea. Alipoyarudisha macho kwenye ngazi, kidato cha nne kilikuwa kimeingia maji.

Akageuka apande, na ndipo akawaona.

Kutoka pale chini ukingoni kijiji chote kilikuwa juu yake kama watu walioketi kanisani, na kila mlango ulikuwa na mtu. Mama mjamzito wa nyumba namba kumi na tatu, mkono kiunoni. Wale ndugu wawili vipofu wa namba tisa, na msichana wao wa kuwashika mkono amesimama katikati yao. Watoto juu ya mizigo. Mbali zaidi, Mama Enos juu ya kitanda chake, mgongo wima, uso umegeukia huku. Hakuna hata mmoja aliyekuwa akiutazama mto. Wala hawakuwa wakimtazama yeye. Walikuwa wakitazama juu kidogo ya kichwa chake, pale bati lilipo.

Alikuwa anamngoja mtu mmoja. Na watu mia na zaidi walikuwa wamekaa nyuma yake, mizigo imefungwa, wakimngoja Enos pamoja naye bila kujua.

Siku moja, alikuwa amesema. Hakuwa na siku moja ya peke yake. Kila siku aliyojipa alikuwa akiwapa na wao.

Akatupa jembe chini. Aliingia ndani akatoka na nyundo ya kung'olea misumari, akaburuta ngazi ya miti kutoka nyuma ya banda la kuku, akaiegemeza ukutani. Hakuvua hata kanga ya kiunoni, aliikaza tu. Alipanda mpaka juu ya boriti ya pembeni akakaa kama mtu anayepanda punda, mguu huku na mguu huku.

Msumari wa kwanza ulikuwa umeshika kutu na haukutaka kutoka. Enos aliyapigilia mabati yale akiwa na misumari mdomoni, anaitoa mmoja mmoja, anazungumza katikati ya misumari maneno ambayo Lois, kwenye ngazi chini yake, hakuyaelewa hata nusu, na alikuwa akicheka bila kujua anachekea nini. Akaingiza makucha ya nyundo, akalalia mpini kwa uzito wake wote. Msumari ukatoka na ukelele uliokwenda kijiji kizima.

Mbwa wakabweka. Watu wakasimama.

Msumari wa pili, wa tatu. Alipofika wa sita aliona Mama Enos anakuja. Alikuwa anakuja kwa fimbo yake, mbio mbio, kanga imeteleza kichwani, na Jumwa nyuma yake na Kadra nyuma ya Jumwa, na nyuma yao watoto. Yule mzee alifika chini ya ukuta akihema.

"Lois! Unafanya nini?"

"Unaona, Mama."

"Nilisema vile nikikutania!"

"Hukunitania."

Mama Enos akaegemea fimbo yake. Akautazama mto, kisha bati, kisha tena mto. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa imekuwa ndogo. "Hii nyumba aliijenga mwanangu."

Lois angeweza kunyamaza. Alifikiria kunyamaza. Lakini hakuwahi kumdanganya mwanamke huyu, hata alipotamani, na hakuona sababu ya kuanza akiwa juu ya paa.

"Enos ameondoka Kinakomba jana asubuhi," akasema. "Anakuja nyumbani. Nimepigiwa simu sasa hivi."

Jumwa akaweka mkono mdomoni. Fimbo ya Mama Enos ikaanguka, naye hakuiokota.

"Anakuja? Huku?"

"Ndivyo nilivyoambiwa."

"Na wewe unavua nyumba!" Yule mzee akaushika ukuta kwa mikono yote miwili, kama mtu anayezuia mlango. "Unavua leo, siku anayokuja! Shuka. Shuka, mwanangu, nakuomba. Akipita hapa asilione bati atajuaje? Atashukia wapi?"

Lois akatazama kona ya mto. Kutoka juu ya paa kulikuwa na kona ya pili nyuma ya ile ya kwanza, na maji yalikuwa yamejaa kote huko, mapana, bila boti. Akatazama mara moja tu.

"Ana mdomo, Mama. Atauliza."

Akalalia nyundo. Msumari wa saba ukatoka. Wa nane ulikuwa wa mwisho, nao ulikuwa legelege, akaung'oa kwa vidole. Bati likainuka upande mmoja kwa upepo.

"Jumwa! Shika huko chini, lisikukate."

Jumwa akalipokea, Kadra akashika ncha ya pili, wakaligeuza wakalilaza kwenye mkokoteni. Ndani ya nyumba, mwanga wa mchana uliingia pale kitandani, upande usio wa ukuta. Lois akauona, akasogea mbele kwenye boriti kulifikia bati la pili.

Chini yake Mama Enos akauachilia ukuta. Kisha akainama, mkono mmoja kiunoni, akaanza kuokota misumari kwenye majani, mmoja mmoja, akiifunga kwenye pindo la kanga yake.

"Ile iliyopinda usiitupe," Lois akamwambia. "Nitainyoosha."

"Najua. Unadhani mimi mtoto?" Akaokota mwingine. "Kadra! Nipelekee punda kwangu, mkokoteni mmoja. Na mtu asikiguse kitanda mpaka nifike."

Upande wa juu wa kijiji, katika nyumba ya bati namba nne, nyundo ya pili ilikuwa imeanza kulia.